Magari Saba Yalisikia

Sisi madereva wa mji wa Karakol tunaopanda milima Jumapili kwa kujifurahisha tulikuwa tukigombania kitu kimoja tu: kuelekezwa na Burul. Kuelekeza ni kazi ya kushuka garini penye njia mbaya, kutangulia kwa miguu, kisha kumgeukia dereva na kumwonyesha kwa mikono gurudumu lipite wapi, maana aliyeshika usukani haoni kilichoko chini ya boneti yake. Wanaume wengi wakipewa kazi hiyo hupiga kelele na kupunga mikono kama wanaofukuza nzi, hata dereva asijue ashike lipi aache lipi. Burul hakupiga kelele. Alisimama amepanua miguu kidogo, akakutazama usoni wala si kwenye matairi, na mikono yake ikatoa neno mojamoja: kushoto, kidogo, bado, simama. Ukimsikiliza, ulipita.

Siku za kazi alifundisha hesabu katika sekondari ya mjini. Mumewe, Tilek, alikuwa na jipu la Kirusi, UAZ ya kijani kibichi tuliyoifumua na kuiunga upya mimi na yeye, katika karakana yangu, majira ya baridi mawili mfululizo. Mimi naitwa Kubat, ni fundi magari. Tilek na mimi tulikulia mtaa mmoja, tukasoma darasa moja, na siku alipokwenda kumchukua Burul kwao Naryn mimi ndiye niliyeendesha gari la bwana harusi. Tangu siku hiyo nilimwita shemeji, na kwa miaka kumi na moja sidhani ilipita wiki bila mimi kula kwake. Nilikuwa na kikombe changu katika kabati lake.

Watoto hawakujaliwa. Mara mbili mimba ilitoka, ya pili ikiwa na miezi sita, imekwisha kuanza kucheza. Baada ya hiyo ya pili ndipo Burul alipoanza kupanda milimani na mumewe. Alisema Jumapili nyumbani kumekuwa kimya mno.

Sasa niseme nililokuwa nikilijua mimi, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili, nilikwenda Bishkek kununua vipuri. Tilek alikuwa huko kikazi, akanipigia simu akanielekeza nyumba fulani nyuma ya soko. Nilipofika nikakuta viatu vingi mlangoni na harufu ya kondoo anayechemka. Ndani wanawake walikuwa wamezunguka beseni, wakimwogesha mtoto mchanga wa kike kwa vijiko arobaini vya maji, kama ilivyo ada siku ya arobaini. Mama wa mtoto alikuwa mshonaji nguo mmoja kijana, jina lake Meerim. Tilek akanivuta pembeni akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia mullah amewaozesha. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe atamwambia Burul, ila nimpe muda.

Nikampa muda. Nilikaa, nikala nyama, nikamwombea mtoto dua. Nikajiambia kwamba siri ya watu wa nyumba si yangu kuitangaza. Nilimpa muda miezi kumi na minne.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita, theluji ilipokuwa imeondoka njiani, tulikutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya vijiji. Magari yalikuwa saba. Kiongozi wetu alikuwa mzee Asanaly, aliyeendesha malori ya watafiti wa madini miaka thelathini katika milima hiyohiyo. Alikuja na mkewe, mama Toktokan, na kapu la sambusa za nyama lenye joto bado. Asanaly alipanga msafara kama siku zote: yeye mbele, Tilek wa pili kwa sababu Burul yuko naye, na mimi wa mwisho kabisa, kwa kuwa fundi hukaa mkiani aokote wanaoharibikiwa. Kila gari lilikuwa na redio ya upepo, ya kuzungumza gari kwa gari. Burul alikuwa na nyingine ndogo ya mkononi, aning'inize shingoni akiwa nje.

Tilek alikuwa na mgeni, Maksat, tuliyesoma naye, aliyehamia Bishkek zamani. Burul alimwachia kiti cha mbele. Yeye akakaa nyuma na mfuko wa mikate na chupa ya chai, akisema wageni wa mjini wakikaa nyuma hutapika.

Tulipunguza upepo wa matairi tukaingia bonde la Kara-Kechuu. Njia ile huvuka mto mara nne kabla haijaanza kupanda, na maji ya mwezi wa sita ni ya theluji inayoyeyuka, mazito, rangi ya majivu. Kwenye kivuko cha tatu Iliyas, daktari wa meno mwenye Pajero nyeupe iliyooshwa jana yake, alizima katikati ya mto. Kabla hata hajashusha kioo, mama Toktokan akasikika redioni.

"Daktari, jino limekwama?"

"Limekwama, mama."

"Basi vumilia. Wewe hutuambia haliumi."

Msafara mzima ulicheka. Burul alikunja suruali akaingia majini mpaka mapajani kumfungia kamba, akatoka midomo imekuwa ya buluu. Tilek alimvua buti, akamfuta miguu kwa koti lake mwenyewe, kisha akamtoa tope shavuni kwa kidole gumba. Burul alikuwa akitazama kwingine, akizungumza na Iliyas, na aliacha shavu lake lifutwe kama mtu aliyezoea. Mimi nilikuwa nakunja kamba hapo karibu. Nikainamia kamba yangu.

Baada ya kivuko cha nne njia ilipanda kati ya misonobari, ikatoka kwenye mawe matupu. Kiasi cha saa nne tulisimama. Maporomoko ya theluji ya majira ya kuchipua yalikuwa yamebomoa njia mahali inapokata ubavu wa mlima. Kwa urefu wa mita sitini hivi, nusu ya barabara ilikuwa imekwenda na maji. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia mteremko mkali hadi mtoni, na kilichobaki katikati kilitosha gari moja, pengine na kiganja cha ziada. Asanaly na Burul walitangulia kwa miguu kwenda kupapima. Sisi tukabaki garini nyuma ya kona, injini zimezimwa, gari nyuma ya gari.

Niliposikia sauti ya mkwaruzo redioni sikuijali. Kisha nikasikia Maksat akiongea, si kama mtu anayezungumza na redio, ila kama mtu anayezungumza na jirani yake wa kiti.

"Hebu niione picha vizuri. Mashallah. Amekuwa mkubwa."

"Anatembea sasa," sauti ya Tilek ikajibu. "Juzi nimepiga chafya, akacheka mpaka akaanguka matako. Sasa kila nikifika ananivuta pua. Anataka nipige tena."

Nilielewa papo hapo. Tilek alikuwa na kawaida ya kuutupa mdomo wa redio, ile maikrofoni ya mkononi, kando ya kiti, na kitu kilikuwa kimelalia kitufe chake. Nikabonyeza cha kwangu, nikasema, "Tilek, redio. Tilek." Haikusaidia. Redio hizi zina tabia moja: mmoja akiwa amekalia kitufe, wengine wote wanabaki wasikilizaji.

Maksat alimwuliza, na huyu wa hapa? Tilek akajibu kwamba hajui.

"Mtoto anatembea na yeye hajui?"

"Mama anajua. Dada zangu wanajua. Kubat anajua, alikula nyama ya arobaini. Bado yeye tu."

Nikaanza kupiga honi. Aliyekuwa mbele yangu naye akaelewa akapiga, na wa mbele yake, mpaka bonde likajaa honi. Redioni Tilek alicheka kidogo, akamwambia Maksat, "Wasikie hao, wanadhani mke wangu ni trafiki." Halafu sauti yake ikashuka. Nilikuwa nimekwisha kufungua mlango, nakimbia kwenda mbele, lakini vioo vya magari vilikuwa wazi kwa sababu ya jua, na kila gari nililolipita lilinipa kipande chake.

"Nitamwambia nini, Maksat? Nikiingia nyumbani keshanipashia maji." Hilo nililisikia kwenye gari la sita. Kwenye la nne nikasikia, "Hana kosa hata moja. Angekuwa na kosa ningeshukuru." Na nilipokuwa nalipita la Iliyas, ambaye alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari limezimwa, nikasikia hili: "Namwonea huruma. Mapenzi yalikwisha, imebaki huruma. Narudi nyumbani kwangu kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa."

Nilifika dirishani kwake nahema. Mfuko wa mikate ulikuwa umeteleza kutoka kiti cha nyuma, umeubana mdomo wa redio kwenye chupa ya chai. Niliuchomoa. Sauti ikakatika katika magari yote, na honi zikakoma.

Tilek akanitazama kwa mshangao. Akauliza nakimbizwa na nini.

Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili. Ningeweza kumwambia. Nilimwambia nimekuja kumwangalizia springi za nyuma. Nikajitetea moyoni kwamba mbele yake kuna ukingo wa mita sitini, na mtu hawezi kupita pale mikono ikimtetemeka. Pengine ilikuwa kweli. Pengine pia nilikuwa bado namwogopa Tilek kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Redio ya gari lake ikaamka. Ilikuwa sauti ya Burul, ileile ya siku zote, ya mwalimu anayesoma namba za watahiniwa.

"Mzee Asanaly anarudi kuchukua gari lake. Atapita kwanza. Tilek ajiandae."

Nilikwenda mbele kwa miguu, nikapishana na Asanaly kwenye kona. Mzee alikuwa analia bila kujificha. Baadaye alinisimulia kwamba Burul alikuwa amechuchumaa, anapima ukingo kwa fimbo, redio ilipoanza kusema pale kifuani mwake. Asanaly alinyoosha mkono aizime. Burul aliushika ule mkono, akausogeza taratibu, akasikiliza mpaka mwisho huku ameinamia udongo. Ilipokatika alisimama, akachoma fimbo mahali na kusema, "Hapa pamelegea. Wasipakanyage."

Nilimkuta amesimama kunipa mgongo.

"Shemeji," nikasema. "Nipe redio. Niwavushe mimi."

Hakugeuka. "Umepaona palipolegea?"

"Sijapaona."

"Basi kaa kando."

Nilikaa kando, mgongo ukutani. Asanaly alipita, polepole, vizuri. Kisha UAZ ya kijani ikatokeza kwenye kona, na Tilek akatoa mkono dirishani kumsalimia mkewe.

Nimeona watu wengi wakipita mahali pabaya, na siku zote jicho langu huwa kwenye magurudumu. Siku ile nilimtazama Burul tu. Alirudi kinyumenyume hatua kwa hatua, akimvuta kwa mikono, na macho yake yalikuwa usoni kwa Tilek bila kupepesa. Walipofika katikati, gurudumu la nyuma la kulia lilikanyaga karibu na ile fimbo, na udongo ukaanza kumiminika chini. Burul akainua kiganja. Simama. Tilek akasimama, akatulia, akamsubiri. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa kama mtoto anayesubiri kuvalishwa.

Wale waliokuwa wameacha magari yao wakatembea hadi konani walisimama pale. Sote tulikuwa tunajua jambo moja: kidole chake kikisogea upande usio wake, hakuna atakayeweza kusema kilisogea kwa makusudi. Mungu anisamehe, niliwaza hivyo. Nadhani na yeye aliwaza, kwa sababu kiganja kilikaa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha alifanya kitu kinachokatazwa. Aliliendea gari, akajibana kati yake na ukingo, mahali ambapo likiteleza kidogo tu litakwenda naye, akapiga goti kutazama chini ya gurudumu lile. Alipotoka alimrudisha nyuma shubiri moja, akampa kushoto, akampa kushoto tena, akamwita mbele. UAZ ikapita ukutani kwa kukwaruza kioo, ikatoka.

Tilek alitoa kichwa dirishani akicheka. "Mnamwona mke wangu?" aliwaambia wote. Burul alikuwa amekwisha kumgeukia wa tatu.

Aliwavusha wote. Nilipopita mimi, wa mwisho, alitazama matairi yangu. Usoni hakunitazama.

Ng'ambo kuna uwanda wa majani na chemchemi, ndipo tunapokula kila mwaka. Watu walishuka lakini hakuna aliyefungua kapu wala kutandika kitambaa. Mama Toktokan alikuwa amesimama ameshika mdomo. Tilek alizunguka akipiga watu mabegani, mpaka akaona hapigwi. Akauliza kuna nini, kuna nani amefiwa.

Burul alivua redio shingoni akaiweka juu ya boneti ya UAZ.

"Redio yako ilikuwa wazi," akasema.

"Lini?"

"Tangu chafya."

Sijapata kuona uso wa mtu ukipauka namna ile. Alinitazama mimi kwanza, na mimi nikatazama majani. Maksat alikwenda akakaa juu ya jiwe, akafunika kichwa.

"Anaitwa nani?" Burul akauliza.

Tilek alijaribu mara mbili kabla jina halijatoka. "Aybike."

"Aybike," Burul akarudia, taratibu, kama anayelijaribu ulimini. "Ni jina zuri."

Tilek akaanza kusema mengi. Alisema alitaka kumwambia, kwamba kila wiki alipanga, kwamba alimwona anavyougua baada ya ile mimba ya pili akaogopa kumuua. Alisema nyumba ni yake, hakuna kitakachobadilika, atabaki kuwa mke mkubwa mwenye heshima zake. Burul alimwacha mpaka akaishiwa. Sisi wengine tulitamani kuondoka lakini hapakuwa na pa kwenda, uwanda wote ni majani mafupi.

"Tilek," akasema alipopata nafasi, "ungesema hunipendi, ningebishana nawe. Ningekulilia. Pengine ningekupiga. Ungesema unataka mtoto, ningekuelewa, mimi pia nilimtaka. Lakini huruma sina la kuijibu. Mtu akishakuhurumia umekwisha."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulikuwa unazungumza na rafiki yako. Hukuwa na sababu ya kudanganya."

Alifungua mlango wa nyuma wa UAZ, akachukua mkoba wake na zile buti zilizokuwa bado mbichi. Mkate mmoja ulikuwa umeanguka chini kwenye mkeka wa gari. Aliuokota, akaugusisha kwenye paji la uso kama tunavyofundishwa wadogo, akauweka juu ya kiti. Kisha akatembea hadi gari la Asanaly, akapanda nyuma, akafunga mlango. Mama Toktokan akaingia upande wa pili akamvika koti lake. Ni hapo tu, kupitia kioo, nilipomwona Burul akiinama, akainama mpaka paji likagusa magoti, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Hatukusikia sauti. Vioo vilikuwa vimefungwa.

Hatukula. Tuligeuza magari, na kwa kuwa njia ni hiyohiyo moja, tulirudi kwenye ukingo uleule. Asanaly alimwachia Iliyas gari lake alivushe, wanawake wakiwa ndani, kisha arudi kuchukua Pajero; yeye akashuka kutuelekeza mwenyewe. Ilipofika zamu ya Tilek, UAZ haikusogea. Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameshika usukani na mikono yake ilikuwa inaruka kama samaki. Aliniambia hawezi, haoni njia. Akashuka, akapita mita zile sitini kwa miguu, ameshikilia ukuta, na Maksat nyuma yake. Nikaendesha mimi UAZ niliyoiunga kwa mikono yangu, nikarudi kwa miguu kuchukua langu. Katika kupita mara zote mbili hapakuwa na mtu aliyesema neno redioni.

Jioni ile Burul alilala kwa mama Toktokan, na wiki iliyofuata kaka zake walikuja kutoka Naryn. Walikuja na hasira, wakataka kumfuata Tilek. Aliwakataza. Mama yake Tilek alikwenda mwenyewe kumsihi arudi, amebeba kitambaa cheupe cha kichwa, kile alichomfunga siku ya kuingia ukweni. Yule mama alimpenda Burul, na sisemi hili kumtetea, nilimwona alivyokuwa. Burul alimkaribisha, akamkandia mgongo uliokuwa ukimsumbua, akamrudishia kitambaa chake kimekunjwa vizuri. Mama Toktokan aliniambia kwamba walilia wote wawili na hawakugusa habari yenyewe hata kidogo.

Alipanga chumba karibu na shule. Kufikia mwezi wa tisa Meerim alikuwa ameletwa Karakol pamoja na mtoto. Nimemwona mtoto. Ana pua ya Tilek. Tilek haji tena Jumapili, na tukikutana barabarani tunasalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi mahali pamoja. Aliponilaumu, alinilaumu kwa kutomwambia pale dirishani kwamba redio ilikuwa wazi. Katika mambo yote, hilo ndilo lililomkera.

Mimi nilikaa mpaka mwezi wa kumi ndipo nikapata ujasiri wa kubisha mlango wa Burul. Nilikuwa nimechukua asali nyeupe na mfuko wa tufaha, kwa sababu mikono mitupu haiendi kwa watu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Alinikaribisha ndani, akaweka maji jikoni, akaniuliza habari za mama yangu na karakana. Alikuwa amekonda na amekata nywele.

Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Kwamba nilikosa. Kwamba nilijidanganya kuwa nalinda nyumba ya watu, kumbe nilikuwa nalinda urafiki wangu na kiti changu mezani. Kwamba kama angenitukana ningelala usingizi. Alisikiliza ameegemeza kidevu kwenye ngumi.

"Tilek nilimwelewa," akasema mwishoni. "Mtu anakimbia maumivu, anakimbilia kwingine. Mama mkwe nilimwelewa, alitaka mjukuu. Wewe, Kubat, nilikaa nikijaribu sana kukuelewa."

Nikausogeza mfuko wa tufaha kando ya madaftari.

"Mimi ni mtu wa hesabu, unajua. Usiku usingizi ukinikataa, nahesabu. Aprili ile ulirudi Ijumaa. Jumamosi ulikuja ukala tambi kwangu, ukaomba uongezewe. Nilikufumia soksi za sufu mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa pili nilikuuliza, tukiwa wawili tu, kwa nini Tilek amepoa hivi, kama kuna jambo unalolijua. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba wanaume tunachoka wakati wa baridi, majani yakichipua atakuwa sawa.

"Nilikuamini," akasema. "Nikayasubiri majani."

Maji yalikuwa yamechemka. Aliinuka akanimiminia chai. Kwetu mgeni humiminiwa chini ya nusu, ili aombe tena na tena na mazungumzo yapate kurefuka. Burul alimimina taratibu, bila kuonyesha hasira yoyote, mpaka chai ikafika ukingoni mwa kikombe, ikabaki imesimama hapo ikitetemeka.

Nilikitazama kile kikombe. Yeye akarudi kwenye madaftari yake, akachukua kalamu nyekundu.

Chai ilikuwa ya moto sana. Niliinywa yote palepale, kwa haraka, ikaniunguza ulimi na koo, kwa sababu kuiacha ingekuwa utovu wa adabu na kuisubiri ipoe ingekuwa kuomba nizidi kukaa. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama inavyopasa, akanishukuru kwa asali, akaniambia nimsalimie mama. Nilimwambia kwaheri, shemeji. Aliweka mkono kwenye kitasa.

"Burul," akasema. "Niite Burul tu."

Nikaenda zangu.